Alama Niliyoifuta

Alama yenyewe ilikuwa na urefu wa kiganja. Iliandikwa kwa kalamu ya nta ya manjano juu ya praima ya kijivu, kwenye bati linalotenga siti ya nyuma na buti katika gari aina ya Dodge Challenger la mwaka 1970. Aliyeiandika alikuwa na haraka: tarakimu mbili, mkwaju mmoja, kisha herufi mbili au tatu zilizoburutwa. Niliiona. Nikadhani ni uchafu wa nusu karne kama uchafu mwingine niliopewa kuusafisha asubuhi ile, nikachovya kitambaa kwenye thina na kupitisha mara moja. Sikufika mara ya pili. Mzee, ambaye katika miaka miwili ya kuishi kwake sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alipaza.

"Umeifuta?"

Nilikuwa nimefuta zaidi ya nusu.

Gereji ilikuwa nyuma ya nyumba yake huko Detroit, mlango wake ukitazama kichochoro. Mimi nilikuwa mpangaji wa chumba cha juu, mwanafunzi wa historia kutoka Dar es Salaam. Yeye dereva wa basi mstaafu, mtoto wa watu weusi waliohama Alabama kufuata kazi za viwandani. Wiki ya kwanza ulimi uliniteleza nikamwita "Mzee". Nilipomweleza maana yake alikaa kimya kidogo, akasema huko kwao mtu akiambiwa ni mzee hukasirika, lakini hili lina utamu wake. Tangu hapo nikawa na ruhusa. Yeye aliniita "mwanangu", kama wanaume wa umri wake mtaani pale wanavyowaita vijana wote. Gari alilinunua miaka mingi kabla sijafika, likiwa mzoga usio na boneti, panya wamehamia kwenye siti, na tangu astaafu alikuwa akilirudisha hatua kwa hatua.

Nilitumia mchana mzima kuomba radhi. Kufikia jioni hakuwa na hasira tena, na hilo liliniumiza zaidi. Tulikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa tukajaribu kukumbuka. Yeye alishikilia kwamba herufi ya kwanza ilikuwa W. Mimi niliona N. Simu yake ilikuwa na mamia ya picha za gari lile, kila bolti na mahali pake, ila siti ya nyuma ilikuwa imetolewa asubuhi hiyo hiyo na hakuna aliyekuwa amepiga picha nyuma yake.

Najua msomaji aliyekulia kwetu atauliza kelele zote hizo ni za nini. Mimi pia niliuliza, kimoyomoyo. Nimekulia kwenye gari la baba lililokuwa na injini ya gari jingine, giaboksi ya gari la tatu, na taa ya nyuma iliyochongwa na fundi wa Gerezani kutokana na kipande cha plastiki ambacho hakuna aliyejua kilikotoka. Kwetu gari linalotembea ndilo gari, na fundi husifiwa kwa kufanya kisichowezekana kutokea kiwezekane. Katika gereji ya Mzee sheria ilikuwa kinyume. Injini nzuri kuliko ya mwanzo ni kosa. Bolti mpya isiyo na chapa ileile kichwani ni kosa. Wanaorekebisha magari haya kwa ukamilifu hutaka yafanane na siku yalipotoka kiwandani, pamoja na kasoro zake: rangi iliyochuruzika chini ya mlango, vumbi la rangi lililorukia mahali pasipotakiwa, tone la gundi. Mkaguzi wa kiwanda alipaswa kuzikataa kasoro hizo mwaka 1970, na leo jaji wa maonyesho huzitafuta kwa tochi.

Na alama. Juu ya laini ya kuunganishia magari, mfanyakazi aliyemaliza kukaza nati alizipaka tone la rangi ili wa mbele yake ajue zimekazwa. Ekseli ilipigwa mistari ya rangi kuonyesha ni ya gari gani. Mkaguzi aliandika kwa kalamu ya nta kwamba kitu kimepita, au hakikupita. Hayo yote yalikuwa maneno ya kuambiana kwa dakika chache, hayakukusudiwa kumfikia mnunuzi, achilia mbali kumfikia mwanafunzi wa Kitanzania mwenye kitambaa. Leo yanauzwa. Unaweza kununua vibandiko na mihuri ya kuigiza alama za kiwanda, na wapo wanaojadiliana kwa ukali kama tone fulani lilikuwa la bluu au la kijani. Nilichoanza kujiuliza, nikiwa na hatia yangu mkononi, ni kwa nini watu wanaojua rangi ya kila tone wasijue chochote kuhusu mkono uliolidondosha.

Nikaanza na namba. Magari ya kampuni ya Chrysler ya miaka ile yalikuwa na namba ya utambulisho yenye nafasi 13, kwenye kibati juu ya dashibodi upande wa dereva. La Mzee linaanza na JS23N0B. J ni Challenger. S ni daraja lake, toleo la R/T. 23 ni bodi ya milango miwili yenye paa la bati. N ni injini ya inchi za ujazo 383, yaani zaidi ya lita sita, ambayo kampuni ilitangaza kuwa na nguvu za farasi 335. Sifuri ni 1970. B ni kiwanda: Hamtramck. Kibati kingine, ndani ya boneti upande wa kushoto, kina misimbo ya rangi, siti na vikorombwezo, na katikati yake tarakimu tatu, 611. Hiyo ndiyo tarehe gari lilipopangiwa kuundwa, mwezi wa 6, siku ya 11.

Kuhusu magari ya aina hii yenyewe sitakaa sana, maana yameandikwa mno na picha zake ni nzuri kuliko maneno yangu. Wamarekani huyaita magari ya misuli. Kwa kawaida mwanzo wake huwekwa 1964, Pontiac ilipochukua gari la ukubwa wa kati, ikalitia injini ya inchi 389 na kuliita GTO. Kanuni ilikuwa bodi ya kawaida, injini ya kupindukia, na bei ambayo kijana mwenye ajira angeweza kukopa. Miaka kumi baadaye mambo yalikuwa yamekwisha, yakiwa yamebanwa na bima, na sheria ya hewa safi ya 1970, na mgogoro wa mafuta ulioanza Oktoba 1973. Challenger la kwanza lilikoma 1974.

Ile B ndiyo iliyonishika.

Hamtramck ni mji mdogo uliozungukwa karibu pande zote na Detroit. Hapo ndugu wawili, John na Horace Dodge, walianza kujenga kiwanda mwaka 1910, na kikapanuka mpaka watu wakakiita Dodge Main. Kwa miongo mingi ulikuwa mji wa Wapolandi. Kufikia miaka ya 1960 ndani ya kiwanda wafanyakazi weusi walikuwa wengi, hasa katika sehemu zenye moto, moshi na uzito. Wanyapara hawakubadilika rangi. Kwa hesabu ya wafanyakazi wenyewe, wasimamizi 95 katika kila 100 walikuwa weupe.

Tarehe 2 Mei 1968 watu wapatao 4,000 waliacha kazi Dodge Main, bila idhini ya chama chao cha wafanyakazi, UAW. Walilalamikia kasi ya laini. Laini ikiongezwa mwendo, mtu aliyekuwa na dakika moja ya kukaza nati zake hubaki na sekunde chini ya hizo, na nati ni zilezile. Weusi na weupe waligoma pamoja. Walikuwamo hata akina mama wa Kipolandi wa umri mkubwa. Adhabu ndiyo haikuwa ya pamoja. Saba walifukuzwa, watano kati yao weusi, na mwishowe wote walirudishwa isipokuwa wawili, Bennie Tate na General Baker, wote weusi. (General ni jina alilopewa na wazazi wake, si cheo. Mara ya kwanza nilipolisoma nilitafuta jeshi lake.) Kutokana na mgomo ule ikazaliwa DRUM, harakati ya mapinduzi ya wafanyakazi wa Dodge, na viwanda vingine vikafuata kwa majina ya mtindo huo. Mwaka 1969 zikaunganishwa kuwa umoja mmoja wa wafanyakazi weusi wa kimapinduzi.

Nilipofuatilia alikotoka Baker, nilikutana na neno ambalo sikulitarajia kwenye makaratasi ya Detroit. Mwaka 1963, yeye na wanafunzi wenzake wachache wa Chuo Kikuu cha Wayne State, akiwamo Luke Tripp, waliunda kikundi chao. Walikiita UHURU. Tanganyika ilikuwa na uhuru wa mwaka mmoja na miezi kadhaa, Uganda hata mwaka ilikuwa haijamaliza, Kenya ilikuwa inausubiri Desemba ya mwaka ule. Vuli ile, Detroit ilipokuwa ikijinadi iandae michezo ya Olimpiki ya 1968, vijana wa UHURU walizomea kwenye hafla ya mji wakati wimbo wa taifa ukipigwa, wakakamatwa. Hoja yao ilikuwa kwamba mji unaombea wageni kutoka duniani kote nyumba nzuri huku ukiwanyima weusi wake haki ya kupanga nyumba popote. Michezo ilikwenda Mexico.

Nilimsomea Mzee sehemu hiyo gereji ikiwa na baridi, yeye akiwa chini ya gari. Akaniuliza neno lile hutamkwaje hasa. Nikamtamkia. Akalirudia akiwa chini kule, mara tatu, huku akigonga bolti iliyogoma. Alilifahamu neno, ujana wake ulikuwa umelisikia mitaani. Hakuwa amelisikia kwa mtu aliyezaliwa nalo.

Mjomba wake, kaka wa mama yake, alifanya kazi Dodge Main, sehemu ya kuunganisha bodi. Ndiko cheche za kuchomelea hurukia mikono siku nzima. Mzee anakumbuka mikono hiyo mezani, imejaa vidoa vidogo vya kuungua kama mtu aliyemwagikiwa pilipili. Anakumbuka pia kwamba mjomba aliendesha Chevrolet hadi alipokufa na hakutaka kujadili jambo hilo. Sitaki msomaji adhani nilikuwa nimefuta mwandiko wa mjomba. Watu wa kuchomelea hawakuandika kwa nta. Alama ya praima iliwekwa mbele zaidi kwenye laini, na Mzee alilijua hilo kuliko mimi. Lakini katika nyumba ile hakukuwa na karatasi yenye mwandiko wa mjomba, wala zana yake, wala beji yake. Kilichokuwepo ni bati lililopita mikononi mwa watu wa jengo lake, na mmoja wao alikuwa ameacha herufi mbili au tatu.

Difu ilikuwa kazi ya majira yaliyofuata. Tuliishusha kwa jeki mbili, tukaikwangua grisi iliyoganda kama lami. Hapo namba ya Hamtramck haikusaidia tena, kwa sababu difu ya aina ile haikutengenezwa Hamtramck. Ilitoka kiwanda cha Chrysler cha barabara ya Eldon, upande wa mashariki wa Detroit, kiwanda pekee cha gia na ekseli ambacho kampuni ilikuwa nacho. Ndiyo maana mgomo wa Eldon uliogopwa kuliko migomo mingine: kikisimama hicho, magari yote hukosa miguu.

Tarehe 26 Mei 1970, Gary Thompson, mfanyakazi mweusi wa miaka 22 aliyekuwa amerejea kutoka vita vya Vietnam, aliuawa pale Eldon. Gari dogo la kubebea mizigo alilokuwa akiliendesha lilipinduka na kumfukia kwa shehena yake ya chuma. Lilikuwa bovu, na mkuu wa usalama wa UAW alipolikagua aliorodhesha ubovu wake. Kesho yake wenzake waligoma. Mwezi Julai mwaka huohuo, mfanyakazi mwingine wa hapo, James Johnson, aliyekuwa amesimamishwa kazi siku ile, alirudi na bunduki akaua watu watatu. Mawakili wake waliiomba mahakama iwapeleke wazee wa baraza wakakione kiwanda kwa macho. Wakapelekwa. Waliporudi walimwona hana hatia kwa sababu ya wazimu. Sijui namna ya kulieleza tukio hilo bila kuonekana natetea mauaji, na watatu wale walikuwa na familia. Nalitaja kwa sababu watu kumi na wawili wa kawaida walitembezwa ndani ya kiwanda kilekile kilichotoa difu tuliyokuwa tukiikwangua, na walichokiona kiliingia kwenye hukumu.

Gari la Mzee lilipangiwa tarehe 11 Juni 1970. Difu yake ilimwagwa, ikachongwa na kusafirishwa kabla ya hapo. Siwezi kuapa ilipita Eldon wiki ya kifo cha Thompson, na mwalimu wangu angenikatia alama kama ningeapa. Ila tangu nilipofanya hesabu hiyo sikuweza kuishika kama spea nyingine. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono. Akaniambia niiandike hiyo, kwa sababu kwenye maonyesho watu watamuuliza uwiano wa gia tu.

Dodge Main ilifungwa Januari 1980. Mwaka uliofuata mji wa Detroit ulilitwaa eneo lile na mtaa wa jirani, Poletown, ili General Motors ijenge kiwanda kipya. Watu zaidi ya 4,000 walihamishwa, makanisa yakabomolewa, na mahakama kuu ya jimbo la Michigan ikasema ni halali. Miaka 23 baadaye, katika kesi nyingine, mahakama hiyohiyo ilisema hoja ile haikuwa sahihi, lakini nyumba zilikuwa hazipo tena. Kilichobaki ndani ya uzio ni makaburi ya zamani ya Wayahudi, Beth Olem, ambayo jamaa huruhusiwa kuyazuru mara mbili tu kwa mwaka. Kiwanda kinachoyazunguka leo hutengeneza magari ya umeme. Mzee alinipeleka siku moja nikaone mahali B ilipokuwa. Tulisimama kando ya barabara kama dakika kumi. Kulikuwa na uzio, maegesho, na upepo.

Mei 2014 General Baker alifariki. Mwezi uliofuata, huko Seattle, Plymouth Hemi 'Cuda la wazi la mwaka 1971, ndugu wa Challenger aliyezaliwa kiwanda hichohicho cha Hamtramck, liliuzwa mnadani kwa dola milioni 3.5. La Mzee halifikii hata kivuli cha bei hiyo. Injini yake si Hemi na giaboksi yake si ya mwanzo. Lakini bei za namna hiyo ndizo zinazowafanya watu wajue rangi ya kila tone. Pesa ikiingia, kila alama ya mfanyakazi huwa ushahidi kwamba gari ni halisi. Kwamba mfanyakazi mwenyewe alikuwa halisi, hilo halijawahi kuongeza bei.

Ilipofika zamu ya kupaka rangi, tulibishana. Bati la nyuma ya siti linatakiwa lipigwe praima upya ili kutu isirudi, na mabaki ya alama yalikuwa katikati yake: tarakimu moja, nusu ya nyingine, na mkia wa mkwaju. Mimi nilitaka paachwe kama palivyo, kutu na vyote. Mzee alisema kutu haiheshimu historia. Ukiiacha miaka kumi utakuwa na tundu. Nilijua anasema kweli, na nilijua sina haki ya kumfundisha mtu namna ya kutunza kitu ambacho nilikwisha kukiharibu. Mwishowe tulisafisha kwa msasa laini kuzunguka alama, kidogo kidogo, kwa vidole. Akaifunika kwa utepe wa karatasi, dirisha la ukubwa wa bahasha, akapiga praima pande zote. Ilipokauka alibandua utepe, kisha akapitisha vanishi nyembamba isiyo na rangi juu ya praima ya zamani. Ukipapasa unasikia ukingo. Jaji akiondoa siti atauona na ataukata alama, kwa maana hakuna gari lililotoka Hamtramck na dirisha.

Kabla siti haijarudishwa alinipa kalamu ya nta ya manjano aliyoinunua dukani, mpya, akaniambia nimalizie kilichofutika kama ninakumbuka. Nilipiga magoti mbele ya bati nikiwa nayo mkononi. Nikamuuliza kama bado anaamini ni W. Akasema ndiyo. Nikamwambia mimi bado ni N.

Siti tuliirudisha jioni ile. Kalamu iko kwenye droo ya spana, ncha yake haijamenywa.